Siku Nalongo Aliponikimbia

Jumapili iliyopita baada ya ibada mlinizunguka, Wakenya wenzangu, na vikombe vyenu vya chai, mkaniuliza maswali kumi kwa mpigo: mbona nachechemea, mbona suruali yangu nzuri ina kiraka, na je, ni kweli niliruka na parachuti juu ya ziwa? Nikawaambia ni hadithi ndefu, mkanuna. Haya, nimekaa nimeiandika yote. Aliyenuna zaidi, Otieno, aisome kwanza.

Kwa kuwa najua mtawapa na wake zenu waisome, nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mutua, mzaliwa wa Nairobi, fundi wa lifti, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa Kampala. Kizza ni yule dada Mganda ambaye hunisubiri getini kila Jumapili akitoka kwaya yake ya Lubaga. Nilitaka kumwoa. Yeye alikubali, mama yake hakukubali, na Kizza aliniambia waziwazi kwamba mama akisema hapana, basi ni hapana. Hilo ndilo lililonipeleka visiwani, anakoishi mama huyo. Kuruka kuliongezwa baadaye.

Makindye hadi Kalerwe

Mashua ilikuwa inatungoja Munyonyo, kusini. Sisi tukaanza kwa kwenda Kalerwe, kaskazini. Nilipouliza sababu, Kizza alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini jua linachomoza. Alisema hatuwezi kwenda kwa mama kabla ya kupita kwa ssenga, yaani shangazi yake, dada wa marehemu baba. Kwao mambo ya ndoa hupitia kwa shangazi.

Ssenga anauza nyanya na karanga sokoni Kalerwe, kando kabisa ya barabara. Alinikagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiyo ule Mukenya?"

"Ndiyo mimi, ssenga."

"Mimi nimekubali. Lakini mimi si ndiye alizaa. Nalongo, mama ya Kizza, anasema Wakenya nachukua mutoto, nakwenda naye kwao, mutoto anapotea." Akanifunga aproni kiunoni. "Simama hapa. Mimi nakuja sasa hivi."

Hiyo "sasa hivi" ilikuwa saa nzima na nusu. Ssenga alimchukua Kizza wakaenda kuzungumza kusikojulikana, nami nikauza nyanya kwa lugha ya vidole. Wanawake wa meza za jirani walinicheka hadi wakachoka, kisha wakaanza kunisaidia. Mmoja alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, mwingine akanifundisha kupanga nyanya fungu moja moja, kubwa juu, ndogo chini. Ssenga aliporudi alikuta meza karibu imeisha. Hakunishukuru, ila alinipa furushi la karanga za kusaga nimpelekee wifi yake, na Kizza akaninong'oneza kwamba hiyo ni dalili njema. Nikapanda boda kifua mbele.

Munyonyo: upepo haukuja

Nahodha wetu alikuwa Kato, kaka yake Kizza. Kato ni pacha, na ndiyo maana mama yao anaitwa Nalongo, jina la heshima la kila mama aliyezaa mapacha. Ana mashua ndogo ya tanga ambayo hutembezea wageni visiwani, na ndani yake, chini ya ubao, huwa kuna mfuko mkubwa wa buluu. Humo ndimo linamokaa parachuti la watu wawili. Si lile la kurukia kutoka kwenye ndege. Hili unakimbia nalo mlimani, linashika upepo kama tanga, na rubani hukuongoza akiwa amekufunga mbele yake. Kato alijifunzia kwetu Kenya, Bonde la Kerio.

Alikuwa ameshatangaza msimamo wake: mtu anayemtaka dada yake lazima aruke naye kwanza. "Nataka kukuona pahali huna ya kukimbilia," alisema.

Niwaeleze pia Kiswahili cha watu hawa, maana bila hivyo hamtaelewa kilichofuata. Baba yao alikuwa askari, wakalelewa kambini Makindye. Nyumba nzima inajua Kiswahili, ila ni kile cha kuamriwa. Kato hasemi "karibu uketi." Anasema "Kaa!" Pili, kama Waganda wengi, *r* na *l* kwake huamuliwa na irabu iliyotangulia wala si na neno lenyewe. Habari ni "habali," na mbele ni "mbere."

Tuliondoka saa nne. Saa sita upepo ulikata, tanga likalegea kama shuka kwenye kamba, tukabaki katikati ya maji tukitazama mnara uleule wa simu kwa saa tatu. Likaja wingu la wadudu wadogo wa ziwani, likapita juu yetu, na sehemu yake ikabaki ndani ya chai. Tulikula chapati za mayai zilizoviringishwa, zile roleksi, zikiwa zimepoa, na zilikuwa tamu ajabu. Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye lile parachuti, hasa sehemu ya kutua. Ndipo Kato akaniuliza, taratibu, kama mwanamume kwa mwanamume:

"Mukenya. Ire maneno ya mahali, umeshafikiria?"

"Nimefikiria sana," nikamjibu. "Popote tu, bora pawe laini."

"Laini namna gani?"

"Nyasi. Nyasi zinanitosha kabisa."

Kato aliachia usukani. "Mama yangu unamupatia nyasi?"

"Kwani na yeye atakuwepo?"

"Mahali bira yeye iko namna gani?"

Kizza alicheka hadi akashika mlingoti asianguke majini. "Mahari!" alisema alipopata pumzi. "Anakuuliza mahari, Mutua!" Mimi nilikuwa nazungumzia mahali pa kutua, na Kato alikuwa anauliza nitampelekea nini mama yake. Nilitaka maji yanimeze. Niliomba radhi kwa lugha tatu.

Kato hakucheka. Alishika tena usukani akasema, "Lakini kama mama hajakubali, hiyo mahali hakuna." Kicheko cha Kizza kikakatika hapo hapo, na upepo ulipokuja hakuna aliyeushangilia.

Kalangala: nilipopokelewa vizuri mno

Tulilala kisiwa cha njiani, na kesho yake saa nane mchana tukafika kwa Nalongo. Nyumba yake iko ufukweni Kalangala, chini ya kilima cha nyasi, migomba nyuma na uwanja mbele. Uwanjani alikuwa ametandaza mukene, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu ili wakauke. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa miguu. Kumbukeni hilo la miguu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi. Badala yake alinijia akiwa amenyoosha mikono yote miwili, akaishika yangu, akaitikisa kwa nguvu. Alinikalisha mkekani karibu naye kabisa, magoti yetu yakikaribia kugusana. Alinifungulia mwenyewe ndizi za matoke kwenye majani yake, akanichagulia kipande cha samaki chenye mnofu akaniwekea sahanini. Aliniuliza habari za kazi, za barabara, za mvua Kampala. Alipokea karanga za ssenga akanipiga bega.

Mimi nilikuwa mbinguni. Nilikula hadi nikafungua kifungo. Kizza hakula. Aliinuka akaenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta macho mekundu. Alisema ni moshi. Nikadhani ni machozi ya furaha, nikambusu utosini nikamwambia asijali, mama yake tayari nimemweka mfukoni. Kato alikaa mlangoni akitazama ziwa, sahani imejaa. Nikajisemea huyu ana wivu. Jioni hiyo nilimtumia Otieno ujumbe: "Mambo safi. Mama ananipenda kuliko mwanawe." Bado uko kwenye simu yake, muulizeni.

Asubuhi Nalongo alinipa kikombe cha chai mkononi, akaketi kando yangu kwenye benchi.

"Wewe utaludi kwenu lini?"

"Kesho, mama, upepo ukikubali."

"Hapana. Kwenu. Kenya."

 Nikamwambia ukweli. "Sina wa kumrudia, Nalongo. Mama yangu alifariki nikiwa chuoni, na alikuwa na mimi tu. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kupanga, sasa wanaishi watu wengine. Nina ufunguo mmoja tu duniani, na ni wa chumba changu Makindye."

Akapuliza chai yake. "Na leo unaluka na Kato. Huogopi?"

"Naogopa sana. Usiku sikupata usingizi."

"Sasa unaenda ya nini?"

"Kwa sababu ni kaka yake Kizza, na ametaka."

Nalongo alitazama ndani ya kikombe chake, akamwaga chai iliyobaki, akainuka akaenda zake. Sikumwona tena asubuhi hiyo. Nilijilaumu vibaya. Wenzangu wanaokwenda kuposa hutaja mashamba na mifugo, mimi nimetaja ufunguo na woga. Nikapanda kilima nikiwa na hakika kwamba nimeharibu kila kitu.

Kilimani

Nyinyi mnajua kazi yangu. Nafanya kazi ghorofa ya kumi na mbili juu ya shimo, kwa hiyo urefu wenyewe haunitishi. Lakini lifti ina reli pembeni, ina breki, ina kamba za chuma nene kama kidole gumba, na juu kuna boriti iliyozishika. Hii ya Kato ilikuwa na nyuzi nyembamba kama za kushonea magunia, na juu yake kitambaa, na juu ya kitambaa hakuna kitu. Nilikagua kila uzi. Nilikagua vifungo vya mikanda. Nilimuuliza mara ya mwisho ilifanyiwa ukaguzi lini na nani.

Kato alinijibu kila swali, kwa subira ambayo sikuitarajia. Kisha akasema, "Wageni wote wanapiga picha. Wewe ndiyo wa kwanza anaangalia uzi." Nadhani ilikuwa sifa.

Alinifunga mbele yake, tumbo lake mgongoni mwangu, kama mtoto aliyebebwa kinyume. Kizza alisimama pembeni ameshika simu, hapigi picha, anasali. Tukangoja. Upepo ulikuja, Kato akasema bado. Ukaja tena, akasema bado. Mara ya tatu kitambaa kilipanda nyuma yetu kwa mvumo, kikanivuta mabega.

"Kimbia!"

Nikakimbia.

"Kimbia! Usikae! Kimbia!"

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, hatua nne, tano, na ya sita haikupata ardhi. Miguu haikujua hilo. Iliendelea kukimbia hewani peke yake, hadi Kato akanipigia kelele sikioni: "Kaa! Kaa sasa! Umeshaluka!" Nikakaa kwenye kiti chake cha turubai, na kilima kikawa kimebaki nyuma.

Juu

Sasa hapa nitawavunja moyo, maana hakuna la kutisha la kusimulia. Kulikuwa kimya. Mimi niliyezoea kelele za mota sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuwa juu namna ile na asisikie chochote ila upepo ukipita kwenye nyuzi. 

Upepo wa ziwa ulikuwa unagonga kilima na kupanda, nasi tukapanda nao, tukienda na kurudi kufuata ufukwe. Niliona mashua yetu, tanga limekunjwa, ndogo kuliko kiatu. Niliona maji yakibadilika rangi, ya kahawia ukingoni, kijani, kisha yale ya mbali yasiyo na jina la rangi. Tai wa samaki alikuja sambamba nasi, akanitazama kwa jicho moja, akaona hatuna maana, akaondoka. Nilicheka kwa sauti. Nilisikia tumbo la Kato likicheka mgongoni mwangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Munyonyo.

"Mutua," akasema. Hakusema Mukenya. "Jana mama alikushika mukono."

"Alinishika yote miwili!"

Akavuta uzi mmoja tukageuka. "Ndiyo," akasema. "Niriona. Pole."

Sikuelewa anatoa pole ya nini. Nilikuwa na furaha mno kuuliza. Nilimwambia hata mama akinikataa, siku hii hakuna atakayeninyang'anya, na nilimaanisha.

Chini

Tulipaswa kutua kwenye nyasi kando ya nyumba. Lakini upepo, uleule uliotuweka saa tatu ziwani, ukakata tena. Tukaanza kushuka haraka kuliko Kato alivyotaka. Nyasi zikapita kushoto. Mbele yetu kukawa na uwanja wa Nalongo, mukene waking'aa juani, na Nalongo mwenyewe katikati yao, ameinama, anawageuza kwa fagio.

"Mama! Ondoka!" Kato alipiga kelele.

Aliinua kichwa. Aliniona mimi, miguu mbele, nikimjia moja kwa moja. Alitupa fagio akatoka mbio, gomesi, gauni lake refu la Kiganda, ameikusanya mkononi, akaingia migombani kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Simama!" Kato akaamuru. Nilisimama, lakini kwa goti. Suruali ikachanika hapo, na mguu ukateguka hapo. Tukaburutwa juu ya nyavu, na parachuti zima likashuka polepole likafunika samaki wa watu.

Kwa akili yangu nilikuwa nimemtisha mama wa watu, nimemharibia chakula, na jana yake alinilisha kwa mkono wake. Nikanyanyuka nikamfuata kuomba radhi. Nilisahau jambo moja: Kato bado alikuwa amefungwa nyuma yangu. Tulikimbia watu wawili kwa miguu minne, mmoja anachechemea, mwingine anapiga kelele "Kaa! Kaa!", na nyuma yetu kitambaa cha buluu kinaburuta dagaa.

"Mama, nisamehe!" nikaita.

Nalongo aligeuka, akaona tumekaribia, akapiga yowe akazidisha mbio. Nikikata kulia, naye anakata kushoto. Tulizunguka migomba mara mbili. Alipita nyuma ya jiko, tukapita nyuma ya jiko. Mwishowe Kato alijitupa chini makusudi, nami nikaanguka juu yake, na hapo ndipo Kizza alipotufikia, ameshuka kilima mbio, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwache!" alisema. "Mutua, mwache akimbie!"

"Ananichukia kiasi hiki?"

Alipiga magoti kwenye majani makavu, akanishika uso. "Kwetu mama hamgusi mkwe wake. Hakai naye karibu, hata kikombe hampi mkononi. Wakigusana, mwili unaanza kutetemeka hadi kufa. Ugonjwa huo una jina, obuko. Kwa mgeni hauogopwi. Ni wa mama na mkwe tu."

"Lakini jana alinishika mikono. Asubuhi alinipa chai."

"Jana ulikuwa mgeni. Kama aliyekuja kuuza bima. Alikuwa anatuonyesha mimi na Kato kwamba huna lolote hapa. Ndiyo maana nililia."

"Na leo?"

"Leo amekimbia, Mutua."

Mimi ni mtu mzima, na nimelelewa Nairobi, ambako mama mkwe humkumbatia mkwe hadharani na hakuna anayeugua. Lakini nilipoelewa, nililia pale pale, juu ya tumbo la shemeji yangu, ambaye alilalamika kwamba namlemea. Niliwaza mama yangu angekuwepo angefurahi, na nikalia tena kwa hilo.

Sauti ikatoka migombani, hatua kumi kutoka tulipokuwa. "Kizza! Ulizia muko kama ameumia muguu."

Muko ni mkwe. Nilikuwa nasikia vizuri kabisa, na yeye alijua nasikia. "Kidogo tu, mama," nikasema.

"Kizza! Muko anasema nini?"

"Anasema kidogo tu, mama."

"Mwambie aukande kwa maji ya moto."

Mchana niliokota mukene mmoja mmoja kutoka kwenye parachuti, na Nalongo akatoa maelekezo kutoka nyuma ya ukuta wa jiko kupitia kwa mwanawe. Chakula kililetwa na Kato. Kipande changu cha samaki kilikuwa kidogo kuliko cha jana, maana hakunichagulia mwenyewe, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Kato alikula sahani mbili.

Kurudi

Tulipoondoka kesho yake hakuwepo ufukweni. Kizza alimwaga machozi mlangoni, mimi nikaaga ukuta. Kato alitweka tanga, tukasogea, na maji yalipokuwa mengi kati yetu na nchi kavu, Nalongo akatoka. Alisimama pale pale mashua ilipokuwa imefungwa, akaweka viganja mdomoni akaita kwa ile sauti ya kambini:

"Muko! Safali njema! Usirudi hapa bira watu wako!"

Kato alinieleza tukiwa njiani. Siku ya kwanjula, siku ya kujitambulisha rasmi nyumbani kwa binti, mwanamume haji peke yake. Anakuja na ukoo wake wote wa kiume wamevaa kanzu, wanaketi upande wao, na msemaji wao anajibu wanapoulizwa huyu kijana ni wa nani. Asiye na watu hurudishwa mlangoni.

Upepo ulikuwa mzuri siku hiyo, na nilikuwa na muda wote wa kufikiri. Nilipitia majina ya Nairobi nikaona hakuna. Nilipitia tena. Kizza alikuwa ameniegemea begani, hakuniharakisha. Karibu na Munyonyo nikaanza kuwataja ninyi, benchi kwa benchi, kuanzia aliyenipa godoro mwaka wa kwanza hadi aliyelala nami hospitalini nilipougua malaria. Otieno ndiye anayejua Luganda kuliko sisi sote, kwa hiyo atakuwa msemaji. Watamuuliza mimi ni wa nani, na asijibu kwa mzaha.

Sina watu wengine. Tafuteni kanzu.